Linux nyepesi kwenye kompyuta za zamani

Linux nyepesi ni jina la jumla la matoleo ya mfumo wa uendeshaji wa Linux yaliyopangwa kutumia kumbukumbu ndogo, nafasi ndogo ya diski na nguvu ndogo ya prosesa. Matoleo hayo huwezesha kompyuta ya zamani kuendelea kutumika kwa kuandika, kupiga hesabu, kusoma, kufundishia na kuingia kwenye intaneti, hata kama mifumo mipya ya kibiashara haiikubali tena au huifanya iende polepole mno. Mifano inayojulikana ni antiX, Puppy Linux, Lubuntu, Xubuntu, Tiny Core Linux na Debian yenye mazingira ya Xfce au LXQt.

Suala hili lina uzito wa pekee katika maeneo yaliyo mbali na bandari na miji mikubwa, kama vile Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa katika Mkoa wa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Kwa shule, ofisi ndogo au duka la steshenari la huko, kompyuta iliyokwishatumika mara nyingi ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa mfuko. Swali si kama kompyuta hiyo ni bora, bali kama itafanya kazi au itawekwa stoo.

Maana ya "nyepesi"

Mfumo wa Linux una sehemu kadhaa zinazounganishwa pamoja. Ya kwanza ni kerneli, yaani kiini kinachogawa kazi za prosesa, kumbukumbu, diski na vifaa vingine. Juu yake kuna zana za mfumo, kisha mazingira ya eneokazi yanayoonyesha madirisha, menyu na ikoni, na mwisho programu anazotumia mtu, kama kivinjari na programu ya kuandikia. Mkusanyo kamili wa sehemu hizo, ulio tayari kusakinishwa, huitwa distro.

Kerneli inayotumika katika distro nyepesi kwa kawaida ni ileile inayotumika katika seva kubwa. Tofauti iko kwenye sehemu za juu. Mazingira ya eneokazi kama GNOME yana picha zinazosogea, vivuli na huduma nyingi zinazofanya kazi nyuma ya pazia, na hula kumbukumbu nyingi kabla mtumiaji hajafungua chochote. Xfce, LXDE na LXQt hutumia kidogo zaidi. Distro nyepesi zaidi huacha kabisa mazingira kamili na kutumia kisimamizi cha madirisha peke yake, kama IceWM, JWM, Fluxbox au Openbox.

Kwa makadirio, antiX ikishawaka bila programu yoyote huchukua megabaiti mia mbili hivi za kumbukumbu, wakati Ubuntu ya kawaida yenye GNOME huchukua gigabaiti moja au zaidi. Katika kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 1, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kivinjari kitafunguka au la.

Historia

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, uliolenga kuunda mfumo kamili wa programu huria, yaani programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kerneli aliyokuwa akiiandika kwenye kompyuta yake yenye prosesa ya Intel 386. Mwaka 1992 kerneli hiyo iliwekwa chini ya leseni ya GPL, na ikaunganishwa na zana za GNU.

Distro ya Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na imekuwa msingi wa distro nyingine nyingi. Mwaka 2000 Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix, iliyoonyesha kwamba mfumo mzima unaweza kuwashwa kutoka kwenye CD bila kugusa diski kuu. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia alianzisha Puppy Linux, inayojipakia yote kwenye RAM. Nyingine ni Damn Small Linux, ambayo kwa muda mrefu ilibanwa isizidi megabaiti 50. Tiny Core Linux ilikwenda mbali zaidi: toleo lake lenye madirisha ni la megabaiti 23 hivi.

Ubuntu ilitolewa Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth kutoka Afrika Kusini. Jina lake ni neno la lugha za Kinguni lenye maana ya utu, na shina lake ni lilelile la neno la Kiswahili "utu". Hadi mwaka 2011 Canonical ilituma CD za Ubuntu bure kwa posta duniani kote, njia iliyowafaa watu ambao wasingeweza kupakua mamia ya megabaiti.

Nchini Tanzania, jina la mwanzo katika uwanja huu ni Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Kiswidi ya IT+46. Jina lilitokana na maneno Kiswahili na Linux. Mradi huo uliandaa istilahi za kompyuta kwa Kiswahili, na mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi ambazo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili.

Kwa nini kompyuta "huzeeka"

Kompyuta ya mwaka 2009 haijapoteza nguvu zake. Prosesa yake hupiga hesabu kwa kasi ileile ya siku iliyotoka kiwandani. Kinachobadilika ni mahitaji ya programu, pamoja na uchakavu wa sehemu chache kama diski, feni na betri.

Sababu ya kwanza ni mwisho wa huduma za usalama. Microsoft iliacha kusaidia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020 na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya tarehe hizo kompyuta haizimiki, lakini kasoro mpya zinazogunduliwa hazizibwi kama zamani. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, hudai kumbukumbu ya angalau gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha maalumu. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziingii katika orodha hiyo.

Sababu ya pili ni uzito wa tovuti. Ukurasa wa leo hubeba picha, video na maelfu ya mistari ya programu, na kivinjari huhitaji kumbukumbu nyingi kuuonyesha.

Sababu ya tatu ni virusi na nakala zisizo halali. Mafundi wengi mitaani hulipwa "kupiga Windows" upya kila kompyuta inapokwama, mara nyingi kwa nakala iliyovunjwa ulinzi na isiyopokea masasisho. Virusi vinavyosafiri kwa flashi huficha mafolda ya mtumiaji na kuweka njia za mkato bandia mahali pake. Mwanafunzi anayepeleka ripoti yake kuchapishwa dukani hurudi na flashi inayoonekana haina kitu. Faili hizo mara nyingi bado zipo. Flashi ikifunguliwa kwenye Linux, mafolda yaliyofichwa kwa mtindo wa Windows huonekana, na virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviwezi kujiendesha. Kwa sababu hiyo baadhi ya maduka huweka kompyuta moja ya Linux kwa kazi ya kupokea flashi za wateja.

Mazingira ya uwanda wa Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya mkoa, uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka Dar es Salaam kwa barabara kupitia Mbeya na Tunduma ni zaidi ya kilomita 1,100. Mambo manne ya eneo hili yanahusu moja kwa moja maisha ya kompyuta.

La kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuunganishwa na gridi ya taifa. Ilipata umeme ulionunuliwa Zambia na kuletwa kupitia Mbala, ukisaidiwa na jenereta za dizeli. Mradi wa TAZA, wenye njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, umebuniwa ili kuunganisha eneo hilo na gridi na pia kuunganisha Tanzania na Zambia. Vijiji visivyofikiwa na nyaya hutegemea sola. Umeme unapokatika ghafla, kompyuta ya mezani hupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa, na faili iliyokuwa ikiandikwa huweza kuharibika. Mfumo wa faili wa ext4 unaotumiwa na Linux huweka shajara ya mabadiliko, hivyo diski hujirekebisha haraka ikiwashwa tena. Hata hivyo shajara haiokoi aya ambayo mtumiaji hakuihifadhi.

La pili ni matumizi ya umeme. Kompyuta kumi za mezani zinazotumia wati 100 kila moja pamoja na skrini zinahitaji wati 1,000, sawa na uniti 4 kwa saa nne. Leptopu kumi za zamani zinazotumia wati 30 kila moja zinahitaji wati 300, yaani uniti 1.2 kwa muda huohuo. Kwa shule inayotegemea sola, tofauti hiyo ni paneli na betri chache zaidi za kununua. Kwa hiyo leptopu ya zamani yenye Linux nyepesi mara nyingi ni chaguo bora kuliko kompyuta ya mezani ya umri huohuo.

La tatu ni vumbi na hewa. Kiangazi kwenye uwanda ni kirefu na kina upepo, na vumbi hujaa kwenye feni na mapezi ya kupozea. Kwenye mwinuko wa mita 1,800 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kati ya asilimia 15 na 20, hivyo feni hubeba joto kidogo zaidi kwa kila mzunguko. Baridi ya Ufipa hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini kompyuta iliyozibwa na vumbi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Mtu anayelalamikia mfumo wa uendeshaji huenda anahitaji brashi tu.

La nne ni intaneti. Faili ya kusakinisha Lubuntu ina ukubwa wa gigabaiti 3 hivi. Kwa kasi halisi ya megabiti 1 kwa sekunde, kuipakua huchukua saa zipatazo saba na kumaliza bando kubwa. Lakini leseni ya programu huria inaruhusu kunakili bila kikomo. Faili moja iliyopakuliwa Sumbawanga mjini inaweza kusafiri kwa flashi hadi Laela, Matai, Namanyere au Kirando na kusakinishwa kwenye kompyuta mia moja bila kuvunja sheria na bila kulipia tena.

Kuchagua distro

Kabla ya kuchagua, ni lazima kujua mambo mawili: ukubwa wa RAM na aina ya prosesa. Prosesa za zamani kama Pentium 4 za mwanzo, Pentium M na Intel Atom N270 ni za biti 32. Core 2 Duo, iliyotoka mwaka 2006, na karibu zote zilizofuata kwenye kompyuta za kawaida ni za biti 64. Katika Linux, amri ya `lscpu` huonyesha aina ya prosesa, na `free -m` huonyesha kumbukumbu kwa megabaiti.

Mwongozo wa jumla ni huu:

- RAM chini ya megabaiti 512: Tiny Core Linux au matoleo ya zamani ya Puppy Linux. Kompyuta hufaa kwa kuandika, kujifunza amri na kutunza kumbukumbu, si kwa tovuti za kisasa.
- RAM ya megabaiti 512 hadi gigabaiti 1: antiX au Puppy Linux. Kivinjari kitafanya kazi, lakini kwa kurasa moja au mbili kwa wakati mmoja.
- RAM ya gigabaiti 1 hadi 2: antiX, Debian yenye LXQt au LXDE, au Lubuntu.
- RAM ya gigabaiti 2 hadi 4: Lubuntu, Xubuntu, MX Linux au Linux Mint yenye Xfce. Hapa kazi za kawaida za ofisi na shule hufanyika bila shida kubwa.
- RAM ya gigabaiti 4 au zaidi: karibu distro yoyote, ingawa Xfce bado itaonekana nyepesi zaidi.

Kompyuta za biti 32 zinazidi kubaki nyuma hata katika Linux. Lubuntu na Xubuntu ziliacha kuzitolea matoleo mapya baada ya toleo la 18.10 la mwaka 2018. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za kawaida za biti 32. Debian 12 bado inazo, na marekebisho yake ya usalama ya muda mrefu yamepangwa kwenda hadi Juni 2028. Kerneli ya Linux yenyewe iliamua kuiacha prosesa ya 386, iliyozaliwa juu yake, Desemba 2012. Kwa hiyo kununua leo kompyuta ya biti 32, hata kwa bei ya kutupa, si uamuzi wa busara.

Kubadilisha vipuri viwili

Mara nyingi fedha kidogo zikitumika kwenye vipuri huleta faida kuliko kubadilisha distro. Kuongeza RAM kutoka gigabaiti 1 hadi 4 hubadilisha kabisa matumizi ya kompyuta, mradi aina ya RAM ilingane. DDR2 haiingii kwenye tundu la DDR3. Kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD ndogo ya gigabaiti 120 hupunguza muda wa kuwaka kutoka dakika kadhaa hadi chini ya dakika moja, na SSD haiharibiwi kirahisi na mitikisiko ya barabara za vumbi.

Kipuri cha tatu ni kidogo sana lakini husahauliwa: betri ya saa aina ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu. Ikifa, kompyuta ikizimwa husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Kivinjari kikiona tarehe isiyo sahihi hukataa vyeti vya usalama vya tovuti, na mtumiaji hudhani intaneti imeharibika. Kubadilisha betri hiyo na kurekebisha saa humaliza tatizo.

Hatua za kusakinisha

1. Kuhifadhi nakala za faili. Hii ndiyo hatua ambayo kosa lake halirekebishiki. Kusakinisha kwa kufuta diski huondoa alama za wanafunzi, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, picha na barua zote zilizomo. Nakala iwekwe kwenye diski nyingine, kisha ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka.

2. Kupakua faili ya distro kutoka tovuti yake rasmi na kuikagua kwa amri ya `sha256sum`. Namba inayotokea ilinganishwe na ile iliyochapishwa na watengenezaji. Zikitofautiana, faili imeharibika njiani au imechezewa.

3. Kuandika faili hiyo kwenye flashi kwa programu kama Rufus, Ventoy au balenaEtcher. Kuinakili kwa njia ya kawaida hakutoshi, kwa sababu flashi haitaweza kuwasha kompyuta. Flashi hufutwa yote katika hatua hii.

4. Kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi. Mara baada ya kuwasha, kitufe cha F12, F9, Esc au kingine, kulingana na mtengenezaji, hufungua orodha ya vifaa vya kuwashia.

5. Kujaribu mfumo kabla ya kusakinisha. Distro nyingi hufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Huu ndio wakati wa kukagua Wi-Fi, sauti, skrini, kibodi na printa. Kifaa kisichofanya kazi hapa huenda kisifanye kazi hata baada ya kusakinisha.

6. Kusakinisha. Kisakinishi huuliza kama kitumie diski nzima au kiiache Windows pembeni yake. Leptopu iwe imechomekwa kwenye umeme na betri yake iwe na chaji. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Kazi hii isianzwe siku ya mgao wa umeme.

7. Kuweka jina la mtumiaji na nywila, kisha kuandika nywila hiyo mahali salama. Katika ofisi ambako watumishi huhama, nywila inayojulikana na mtu mmoja tu ni hatari kubwa kuliko virusi.

Njia ya kujaribu kwa flashi ina faida nyingine: kuokoa faili. Windows ikigoma kuwaka, diski mara nyingi bado ni nzima. Kompyuta ikiwashwa kwa flashi ya Linux, faili huweza kunakiliwa kabla fundi hajafuta chochote.

Masasisho bila bando kubwa

Mfumo usiosasishwa hupoteza faida yake ya usalama, lakini kompyuta ishirini zikipakua masasisho yaleyale kila moja peke yake humaliza bando mara ishirini. Katika Debian, Ubuntu na jamaa zao, programu ya apt-cacher-ng huwekwa kwenye kompyuta moja ya maabara. Kompyuta ya kwanza inapoomba kifurushi, kifurushi hicho hupakuliwa na kutunzwa. Zinazofuata hukipata kupitia mtandao wa ndani. Kwa mahali pasipo intaneti kabisa, programu ya apt-offline huandika orodha ya vinavyohitajika kwenye flashi, flashi hupelekwa mjini kujazwa, kisha hurudishwa.

Katika shule

Katika shule za sekondari za Tanzania kuna somo la Information and Computer Studies linalotahiniwa na NECTA. Programu za LibreOffice zinatosha kufundishia misingi ya uandishi wa hati, majedwali ya hesabu, maonyesho na hifadhidata, na zinaweza kufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Hata hivyo mpangilio wa menyu ni tofauti. Mwanafunzi aliyezoea Writer peke yake anaweza kupoteza dakika nyingi akitafuta kitufe katika Word siku ya mtihani wa vitendo. Mwalimu hana budi kuonyesha zote mbili, na kuhakikisha mapema programu zitakazotumika mtihanini.

Njia nyingine ya kutumia kompyuta dhaifu ni mfumo wa seva na vituo. Mradi wa LTSP, ulioanza mwaka 1999, huwezesha kompyuta moja yenye nguvu kuziwasha nyingine kupitia kebo za mtandao. Kompyuta za wanafunzi hazihitaji hata diski. Kasoro yake ni kwamba seva ikiharibika, darasa zima husimama.

Kwa kusoma bila intaneti hutumika Kiwix, programu inayofungua nakala za Wikipedia na vitabu vingine zilizobanwa katika faili za aina ya ZIM. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, inaingia nzima kwenye flashi ya kawaida. Kompyuta moja ya zamani ikifanywa seva ya Kiwix, wanafunzi huweza kusoma makala kupitia Wi-Fi ya ndani bila kutumia bando hata kidogo.

Mifano ya njia hizi ipo Afrika. Shirika la Powering Potential limejenga maabara zinazotumia sola na kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zenye mfumo wa Linux, katika shule za sekondari za Wilaya ya Karatu mkoani Arusha. Camara Education, iliyoanzishwa Ireland mwaka 2005, ilikarabati kompyuta zilizotumika, ikaziwekea Ubuntu na programu za elimu, na kuzipeleka katika shule za Tanzania, Kenya na nchi nyingine. Nchini Namibia, SchoolNet Namibia, iliyoanza mwaka 2000, ilitumia Linux na kompyuta zilizokarabatiwa kwa shule za nchi hiyo. Mifano hii inaonyesha kwamba mashine peke yake haitoshi: panahitajika mtu wa karibu aliyefundishwa kuitengeneza. Maabara isiyo na mtu huyo hufungwa kufuli baada ya hitilafu ya kwanza.

Kiswahili katika Linux

Linux ina mipangilio ya Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, inayojulikana kwa alama za sw_TZ na sw_KE. Mipangilio hiyo huweka majina ya siku na miezi, fedha na tarehe kwa desturi ya nchi. LibreOffice nayo ina tafsiri ya Kiswahili. Tafsiri za programu nyingine hazijakamilika, hivyo mtumiaji huona menyu zenye Kiswahili na Kiingereza pamoja. Kwa kuwa programu ni huria, mtu yeyote anaweza kuongeza tafsiri, na kazi hiyo haihitaji kujua kuandika programu.

Mipaka

Linux nyepesi haitatui kila tatizo. Programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows, na Microsoft Publisher inayotumika katika maduka mengi kutengeneza kadi za harusi, hazifanyi kazi moja kwa moja. Printa nyingi za HP husaidiwa vizuri na programu ya HPLIP, lakini baadhi ya printa za Canon za mfululizo wa LBP huhitaji kazi ya ziada. Hati za Word zenye mapambo mengi huweza kuharibika mpangilio zinapofunguliwa kwenye LibreOffice. Kwa kupeleka hati mahali pengine ni salama zaidi kuihifadhi kama PDF. Mifumo inayotumika ndani ya kivinjari hufanya kazi bila kujali mfumo wa uendeshaji, ila kompyuta yenye RAM chini ya gigabaiti 2 itaisumbua.

Pia kuna kompyuta zisizostahili kuokolewa. Mashine ya mezani yenye skrini nzito ya kioo cha zamani hula umeme mwingi, na baada ya mwaka mmoja au miwili bili yake huweza kufikia bei ya leptopu iliyotumika.

Mwisho wa maisha ya kompyuta

Kwa mujibu wa ripoti ya Global E-waste Monitor, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Kompyuta ina risasi, zebaki na kemikali nyingine zinazoweza kuingia kwenye udongo na maji ikichomwa au kutupwa shimoni. Kila mwaka unaoongezwa kwenye maisha ya kompyuta huahirisha taka hiyo, lakini hauiondoi.

Kompyuta zilizokufa zitunzwe kama akiba ya vipuri: RAM, diski, chaja, skrini na kibodi za leptopu za aina moja hubadilishana. Kwa sababu hiyo shule inayopokea msaada hufaidika zaidi na leptopu kumi na mbili za modeli moja kuliko ishirini za modeli ishirini. Kabla kompyuta haijatoka ofisini au shuleni, diski yake ifutwe kabisa, kwa kuwa faili zilizofutwa kwa njia ya kawaida huweza kurudishwa na mtu mwingine.